Marashi kwenye Mitambo ya Simu

Mpaka leo sijapata kumheshimu tajiri yule, na kwa umri huu sitajaribu tena. Alikuwa na hoteli ufukweni Malindi, miaka ya themanini, wakati watalii walipokuwa wakimiminika na kila mwenye kiwanja mbele ya bahari akijiona ana akili. Mitambo ya simu za vyumbani aliinunua kama mtu anunuavyo kabati la vyombo: kwa kutazama kimo na rangi.

Mimi ndiye niliyeifunga. Masanduku matatu, moja juu ya jingine ndani ya fremu ya chuma, kila sanduku na vyumba vyake. Kebo moja ilitoka la juu kwenda la kati, nyingine la kati kwenda la chini, na ya tatu ilirudi kutoka chini hadi juu, ili kebo moja ikikatika sauti ipitie upande wa pili. Tajiri aliitazama hiyo ya tatu akauliza kwa nini napoteza waya mzuri kuurudisha ulikotoka. Nilimweleza. Akaitikia kwa kichwa kama mbuzi aliyefungwa karibu na redio.

Nilimvumilia kwa sababu nilikuwa na haja. Mke wangu alikuwa Tezo, nyumbani kwa mama yangu, na mama hakuwa mtu wa kukaa naye. Tajiri aliahidi kwamba mitambo ikifanya kazi siku ya ufunguzi, ataniajiri na kunipa chumba nyuma ya jiko la hoteli. Mke wangu alikwishaanza kufunga vyombo.

Siku ilipofika ikasomwa dua. Mwalimu kutoka Mambrui aliisoma vizuri na kwa ufupi, kisha akakaa na kahawa yake. Yeye sina neno naye. Mrashi, ile chupa ya kunyunyizia maji ya waridi, ukapitishwa, watu wakamiminiwa marashi viganjani, na hapo ndipo ingekwisha. Lakini tajiri aliutwaa ule mrashi akawaongoza wageni mpaka chumba cha simu. Milango ya fremu nilikuwa nimeing'oa mwenyewe asubuhi, nikitaka watu waone nyaya zangu zilivyonyooka. Ujinga huo ni wangu, na wa tajiri uliuzidi kwa harufu tu.

“Bwana, hapo pana umeme,” nikasema nilipomwona akiinua mkono. “Ngoja nirudishe milango kwanza.”

“Ukishafunga, baraka itapita wapi, fundi?”

Wageni wakacheka. Akarashia juu, kati, chini, kisha juu tena, kama anayemwagilia mchicha.

Bibi wa kupokea simu akajaribu vyumba. “Halo? Halo, jikoni? Bwana, jikoni wananikoholea tu.” Kisha hata kikohozi kikakoma. Maji yalikuwa yameingia kwenye plagi za zile kebo, na masanduku yote matatu yakazimika.

“Umeniaibisha, fundi,” tajiri akasema. “Mashine yako mbovu.”

Ningeweza kusema ni mpya, inataka muda. Ningezima umeme, nikazikausha plagi, na asubuhi watu wangezungumza. Yeye angesifu baraka, mimi ningepata chumba. Mwalimu, aliyekuwa ametufuata, alinishika mkono akaninong'oneza, “Limeze hilo, mwanangu.”

Sikulimeza. “Mashine ni nzima,” nikasema, na sauti niliipaza makusudi. “Mbovu ni aliyeimwagia maji. Hata ng'ombe wa kwetu hunusa kwanza.”

Nilijiona mrefu kama mnazi. Utamu ule ulidumu mpaka getini, ambako bawabu alinikabidhi mkoba wangu wa vifaa na kunifungia nje.

Nilipofika Tezo nilimkuta mke wangu uani, sufuria zake amezifunga ndani ya kanga. Nikamsimulia yote. Hakucheka nilipofika kwenye ng'ombe.

“Ulisema kweli?”

“Kweli tupu.”

“Mbele ya wageni?”

“Mbele yao wote.”

“Na chumba?”

Tajiri yule alikuwa mpumbavu, na bado nasema hivyo kwa yeyote anayetaka kusikia. Lakini kwa swali lile niliinama nikaanza kupanga upya vifaa mkobani. Jikoni mama alikuwa akiita, akitaka kujua kama mtu na mumewe wamekuja kwake kupiga soga. Mke wangu akafungua fundo la kanga, akatoa sufuria moja, akaenda nayo kwa mama. Tulikaa hapo mpaka mama alipofariki.