Njia ya Hatua Nane

Ghalani walimwita Mzee Mbao, na hakukasirika. Miaka ishirini na sita alikuwa akishusha mizigo ya malori kwa mbao mbili zilizoegemezwa, na kwa kutazama tu alijua mzigo upi utateleza na upi utagoma. Basi mama mkwe wake alipokatwa mguu, akawa anarudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu, nani angethubutu kumfundisha kutengeneza njia ya mlangoni?

Mlango ulikuwa na ngazi tatu. Akapigilia mbao za urefu wa hatua mbili tu, ili asiguse banda lake la kuku. Kisha akaweka sanduku la misumari katikati ya mteremko. Likatulia tuli.

"Umeona?" akamwambia mkewe. "Haliendi popote."

"Kwani hilo sanduku lina magurudumu?"

"Mambo ya mizigo niachie mimi, mke wangu."

Jamani, ubishi! Siku ya pili tu mama mkwe alitaka kutoka kuota jua. Kiti kikashika kasi, kikaparamia ndoo, mama wa watu akabwagwa chini. Alichubuka kiwiko.

"Basi mwanangu," alisema alipoinuliwa, "nitakaa ndani. Msihangaike."

Hakulaumu, na hilo ndilo lililomchoma mkwewe. Mtu mzima afungiwe ndani kwa ajili ya kuku! Akakalia kile kiti mwenyewe, akajaribu kupanda. Akarudi kinyumenyume mpaka ukutani. Hapo akaelewa, kichwa ngumu yule: sanduku hushikwa na ubao kwa tumbo lake lote, likang'ang'ania. Gurudumu halitelezi, linaviringika, na kwenye mteremko ambapo sanduku hulala usingizi, gurudumu huondoka.

Akabomoa banda. Akarefusha njia, akajipima kwenye kiti, akarefusha tena, mpaka zikafika hatua nane na akaweza kupanda kwa mikono yake bila kuhema.

Jumamosi mama mkwe akashuka polepole, viganja kwenye magurudumu, hadi getini. Mzee Mbao akamkimbilia.

"Niache, mwanangu. Nikikuhitaji nitakuita."

Hakuita. Alirudi baada ya saa nzima, jasho likimtiririka, akapanda mwenyewe hadi ndani, akafunga mlango. Mzee Mbao alibaki uani analia, wala hakujificha.