Msiba wa Mtani Mwenye Kinanda

Mwalimu alinitabiria kwamba siku ya msiba wake nitalia, nami nikambishia. Yeye Mnyamwezi, mie Mzaramo, na tangu enzi za mababu Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani msibani kazi yake si kulia. Anapika, anachota maji, anamwigiza marehemu, anawasema wafiwa ovyo mpaka wacheke wapate nguvu ya kula. Akilia yeye, nani atabaki na akili?

"Utalia," aliniambia, "tena kwa sauti mbaya, ya puani, kama unavyoimba."

"Nikulilie wewe? Nitacheza lelemama juu ya jeneza lako."

"Basi tutaona."

"Utaona nini nawe umekufa?"

Huyo ndiye Mwalimu. Alifundisha shule za misheni huko bara mpaka nywele zikawa pamba. Alipostaafu akaja Temeke kukaa kwa mwanawe, karani wa bandarini, nyumba ya pili kutoka kwangu. Wakati ule wa Mwingereza Temeke ilikuwa mikorosho zaidi ya nyumba, na nyumba zenyewe za udongo; mwenye nacho kaezeka madebe, asiye nacho makuti. Yeye alifika na mkewe, masanduku, na kinanda kile cha kukanyaga kwa miguu. Kinanda kipo juu ya mkokoteni, yeye anatembea pembeni kakishika kama mgonjwa. Mie nipo kibarazani nachoma vitumbua. Shikamoo nilimpa, maana umri ni umri, kisha nikamwuliza kabila. Aliposema tu, nikamvaa.

"Babu yako alifika pwani na pembe za ndovu kichwani, wewe umefika na kinanda. Kubeba hamjaacha tu?"

Hakukasirika hata kidogo. "Na bibi yako alikuwa amekaa hapohapo anatutazama," akasema. "Naona hamjainuka mpaka leo."

Akachukua kitumbua, akala, akaenda zake. Haki ya mtani hiyo.

Nisiseme uongo, mie shule sikukaa. Herufi nilizipata kwake ukubwani, kwa kuimbishwa, a-e-i-o-u, huku nageuza vitumbua, ndiyo maana mpaka leo nikiandika natikisa kichwa. Mkiona maandishi yamepinda, lawama mpelekeeni yeye. Vitumbua navyo viliungua sana siku zile, lakini hilo ni jambo jingine.

Sasa huko kustaafu. Wenziwe wakistaafu hulala mchana. Yeye akaanzisha kwaya ya mtaa. Si ya kanisani, huko alikuwa na nyingine. Hii ilikuwa ya kila mtu: makuli wa bandarini, fundi cherehani, na sie wake wa Kiislamu na mabaibui yetu. Kwa kuwa tusingeimba habari za dini yake, akatutungia nyimbo za mbu, za kufagia uwanja, na moja ndefu kabisa ya kuchemsha maji ya kunywa. Tuliimba maji ya kuchemsha kwenye harusi. Tuliimba mbu kwenye jando. Wakiwepo majirani wanaogombania mpaka wa uwanja, Mwalimu anaitwa, anasikiliza, anaamua, halafu wagomvi wote wawili anawaweka sauti ya pili, bega kwa bega. Mmoja alinung'unika kwamba heri angeshtakiwa kwa liwali.

Ila tulikuwa na ugonjwa mmoja: tulizama. Tunaanza wimbo vizuri, kila ubeti sauti inashuka kidogo, wenyewe hatuhisi, mpaka mwisho tunanguruma kama ng'ombe waliochoka njia. Mwalimu anainua rula yake, tunanyamaza, anabonyeza kinanda tusikie tulikotoka.

"Mlianzia Temeke," anasema, "mmenifikisha Mbagala! Nani kawaambia nina safari ya Mbagala?"

Neno hilo nimelisikia kuliko jina langu.

Mkewe, tuliyemwita Mama Mwalimu, alikuwaga anakaa mlangoni anachambua mchele, mgongo katupa sie. Kuimba hakuimba. Ukimwuliza anakuambia, "Kile kinanda ni mke mwenzangu. Mke mwenzio akisifiwa, nawe unaitikia?" Lakini yeye ndiye alikuwa mke mkubwa, tulimwona. Kila asubuhi Mwalimu alimbebea debe la maji kutoka bombani, kichwani, na koti kavaa na tai kafunga. Wanaume wa mtaa walimlalamikia kwamba anawaharibia wake zao. Mume wangu alinikataza hata kuchungulia. Nilichungulia.

Homa ndiyo iliyomchukua. Alfajiri tulisikia yowe moja la Mama Mwalimu, basi. Tulipofika alikuwa anakifunika kinanda kwa kaniki. "Naye kafiwa," akasema, akaketi mkekani, mgongo ukutani. Hakulia tena wala kusema. Na hakula. Uji ukapelekwa, ukarudi. Chai ikapelekwa, ikarudi. Wanaume wakazika wakarejea, kesho yake uji bado unakwenda na kurudi.

Mwanawe yule karani akanifuata uani kwenye mafiga.

"Mtani, mama hajatia kitu mdomoni tangu baba akate roho. Unataka tuzike wawili? Na nyie Wazaramo mbona mmekaa kama wageni? Hamna maneno leo?"

Alinichoma. Kupika nilipika na maji nilichota, lakini neno la utani sikuwa nimetoa hata moja. Kila nikitaka kufungua mdomo narudi kupuliza moto. Nilijua nikikazana kitatoka kilio, na yule mzee atakuwa kanishinda akiwa kaburini. Lakini mama yule alikuwa ananyauka mbele ya macho yetu, na mtani pale nilikuwa mie.

Nikaingia ndani. Koti lake lilikuwa msumarini, nikalivaa. Tai nikaifunga kama kamba ya mbuzi. Rula nikaishika, nikakohoa kile kikohozi chake, nikatoka na ule mwendo wake wa kuyumbayumba kidogo kama bata.

"Kwaya!" nikasema. "Mbona mmekaa kama magunia ya mkaa? Nimekufa juzi tu, kusimama mmeshasahau?"

Shoga yangu mmoja alicheka, akajiziba mdomo na kanga. Mchungaji, ambaye hakuwa mtu wa kabila zetu, akainuka anataka kunikemea. Karani akamvuta koti. "Mwache, ni mtani wake."

Nikamgeukia Mama Mwalimu. "Nawe mama, leo maji sijakuletea. Umechota mwenyewe, au unaningoja?"

Hapo hakucheka mtu, na sauti yangu ilipasuka kidogo. Yeye akatazama mkeka. Nikaona nimeharibu. Kwa kukosa la kufanya nikainua rula, nikaamuru wimbo wa kuchemsha maji.

Tukaimba. Naapa hatukufanya kusudi. Usingizi hatukuwa nao, na simanzi ni mzigo. Ubeti wa tatu tulishakuwa chini kabisa, tunanguruma. Hapo sauti ikatoka mkekani, kavu.

"Mbagala."

Tukakata wimbo, tukamgeukia Mama Mwalimu.

"Mmefika Mbagala, nyie watu."

Akashika ukuta, akainuka. Akaiondoa ile kaniki, akaikunja vizuri, akaketi, akakanyaga, na bila kutazama akaweka kidole. Kinanda kikalia palepale tulipoanzia.

"Hapa," akasema. "Mlianzia hapa."

"Kumbe unajua, mama?" nikamwuliza.

"Ukae na mke mwenza miaka yote hiyo, usiijue sauti yake?"

Tukaanza upya. Yeye alibonyeza sauti hiyohiyo moja, hakuiachia, nasi tukaishikilia kama watu wanaovuka maji kwa kamba. Ndiyo mara ya kwanza tuliumaliza wimbo tukiwa Temeke, na mwenyewe hayupo kusikia.

Mama Mwalimu akaondoa kidole. "Uko wapi huo uji?"

Nilikimbia na koti la Mwalimu linanipwaya. Akapokea bakuli, akapuliza, akanywa funda. Nyumba nzima inamtazama koo. Akakunja uso.

"Huu ndio uji? Kaimbisha kuchemsha maji mpaka kafa, na bado Wazaramo hamjui kuchemsha?"

Watu waliangua kicheko, na mchungaji akatoa leso akajifuta. Yeye akanywa funda la pili, na la tatu. Nami nikafungua mdomo nimjibu, maana kujibu ni haki yangu, tena jibu nilikuwa nalo zuri, la pembe na wapagazi. Kikatoka kilio. Tena cha puani, kama alivyosema Mwalimu.