Twaiba na Mgeni Asiyemaliza Kusoma

Saa mbili unusu asubuhi mjini Ukunda, na Twaiba Nassir hatulii kitini. Anasimama, anaketi, anasimama tena. Yumo katika chumba cha nyuma cha duka la madaftari, mbele ya kompyuta iliyounganishwa na intaneti kwa waya wa simu. Modemu inalia, inanyamaza, inalia tena. Kisha laini inakatika. Upande wa mbele, mwenye duka ameinua simu ampigie mtu.

"Bwana Karisa, tafadhali, nami nimo huku," anaita kwa adabu iliyoanza kuchoka.

Twaiba, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, huandika kurasa za mtandao. Si kazi ambayo mtu wa Ukunda huielewa kwa urahisi mwaka huu wa 1999. Wakimwuliza, huwajibu kwamba anaandika vibao vya njiani, ila njia yenyewe haionekani.

Kurasa anazozihangaikia ni za nyumba sita za wageni huko Galu, kusini kidogo mwa Diani. Anayeziendesha ni Jethro Kidaha, mpishi kutoka Vihiga. Yeye na Twaiba walifanya kazi hoteli moja, Jethro jikoni, Twaiba mapokezi. Fujo za Likoni, penye kivuko cha kutoka Mombasa, zilipozuka mwaka 1997, wageni walitoweka na hoteli ikafungwa. Jethro akakodi nyumba hizo kwa akiba yake, akamwajiri Twaiba kuzitangaza. Humlipa shilingi elfu tatu kwa mwezi, chini ya nusu ya mshahara wa hotelini.

Wageni hawajaja. Jethro ametangaza kwamba Novemba ikiisha bila mtu hata mmoja kuulizia nafasi ya Krismasi, atafunga geti arudi kwao. Kazi ya Twaiba itakwisha, na ya Kombe pia, yule anayeondoa mwani ufuoni kila asubuhi. Novemba imebaki wiki moja.

"Usingizi naulala vipande vipande," asema Twaiba. "Nikiamka, sentensi fulani inanisumbua. Nasema, hapa ndipo wasomaji walipoondoka."

Ana sababu ya kuwaza hivyo. Ukurasa wake wa kwanza aliuandika kama Mdigo aliyelelewa vyema kijijini Mwabungo. Alianza kwa salamu. Alimkaribisha msomaji kwa niaba ya mwenye nyumba, ya wafanyakazi na ya watu wa Diani. Akamjulia hali, akawajulia hali watoto wake, akamwombea heri na baraka. Vyumba vilikuja mwisho kabisa. Kwetu mtu hakuelezi haja yake kabla hajakuuliza umeamkaje, na mimi ningefanya vivyo hivyo.

Siku moja kijana Mswisi alikuja dukani kusoma barua pepe zake. Twaiba akamwomba autazame ukurasa huo. Kijana akasoma mistari michache, akauteremsha ukurasa, akakuta bado anaamkuliwa. Akainuka kwenda kununua soda. Aliporudi alifungua kitu kingine.

"Hakuvuka salamu," Twaiba asema. "Iliniuma. Nilimwona mtovu wa adabu. Baadaye nikafahamu kwamba yeye alikuwa mpita njia tu. Mpita njia humsimamishi jua kali ukamwuliza habari za nyumbani kwao. Wampa lile alilokuwa akilitafuta."

Tangu hapo amejitungia njia yake. Kila ukurasa huuandika kwanza kwa Kiswahili, akaupeleka Mwabungo kwa shangazi yake Mwanapili, anayeuza mahamri na mbaazi kando ya barabara. Humsomea huku mafuta yanachemka. Shangazi akimtazama, sentensi inabaki. Akigeukia karai, Twaiba huikata. Kilichobaki ndicho hukiandika kwa Kiingereza.

Nilikwenda naye Mwabungo. Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaanza kusoma. Hakufika mbali.

"Mbona wanizungusha?" Mwanapili aliuliza, mkono tayari kwenye karai. "Nyumba ina maji au haina? Na kule kivukoni watu wapita salama?"

Swali hilo la kivuko ndilo lililomgombanisha Twaiba na tajiri wake. Anaamini kila msomaji analo rohoni, naye alilijibu juu kabisa ya ukurasa: fujo zilitokea, sasa kivuko kinavuka, nasi tutakupokea ng'ambo hii. Chini kabisa akaandika kwamba iko miezi mwani hujaa ufuoni, na kwamba Kombe huukusanya kabla wageni hawajanywa chai.

Jethro hakupenda. Nilipomkuta Galu alikuwa akipaka rangi mlango ambao haukuhitaji rangi.

"Hiyo maneno ya fujo nilimwambia atoe," alisema. "Mgeni akisoma atahepa. Na mwani ya nini? Andika peponi, andika lulu. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni."

Mwanapili alipopelekewa kauli hiyo alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Nyoka atoka. Mgeni je?"

Twaiba hakuyatoa. Alimwambia Jethro wazi kwamba akiyataka yatoke, ayatoe mwenyewe. Jethro hajui kuiwasha kompyuta. Lakini tangu siku hiyo hawasemezani vizuri, na Twaiba anakiri kwamba anaogopa. Ikiwa amekosea, Kombe ndiye atakayelala njaa kwa ukaidi wake.

Laini inashika. Barua pepe zinaingia moja moja. Twaiba anaacha kutikisa mguu.

Moja ni ya mama wa Uholanzi. Anauliza kama vyumba viwili vipo kuanzia tarehe ishirini Desemba, na ni nani atakayewapokea kivukoni. Mwishoni ameongeza: je, Kombe bado yupo? Watoto wangependa kumsaidia kukusanya mwani.

Twaiba anausoma mstari huo wa mwisho mara mbili. Kombe ametajwa mahali pamoja tu, chini kabisa ya ukurasa.

"Amefika mwisho," asema polepole. Anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nilimwuliza atakalo sasa. Anataka kuziandikia kurasa nyumba ndogo za wageni kutoka Tiwi hadi Msambweni, na kuwafunza wasichana wawili watatu waliopoteza kazi hotelini pamoja naye. Lakini hilo analisema upesi upesi, kwa kuwa vidole vyake viko kazini tayari. Laini haingoji mtu.

Naangalia anachoandika. Anamtakia mama yule asubuhi njema. Anamwuliza hali yake, na hali ya watoto, na kama huko kwao baridi imeanza.

Namkumbusha kuhusu salamu ndefu.

"Yule alikuwa mpita njia," anajibu bila kugeuka. "Huyu amebisha hodi."