Ngumi ya Ini

Mimi ni mtu wa Meksiko. Si kwa kuzaliwa, nimezaliwa Makadara, Nairobi. Nasema upande wa ndondi. Marehemu baba yangu alikuwa bondia, na ndiye aliyenifundisha kuitazama ngumi ya tumboni, ile ambayo wengi hawaioni kwa sababu macho yao yako puani. Na hakuna watu wanaopiga tumbo kama Wameksiko. Ukitaka kubisha, bisha, lakini simama mbali nami kidogo.

Niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja hapa Uarabuni, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, hakusimama mbali. Alibisha akiwa kitanda cha pili. Ni Mfilipino, msusi katika saluni moja ya Al Sadd, nami nimemzidi miaka tisa. Aliniita Ate, yaani dada mkubwa kwa lugha yao, nami nikamwita mdogo wangu, na heshima yetu iliishia hapo. Kitinda mimba wa kwao alikuwa bondia wa kulipwa, kwa hiyo ukigusa ndondi za Wafilipino umegusa familia yake.

Mimi niligusa kila siku. Nilimwambia, mdogo wangu, angalia hali ilivyo. Kijana wa Meksiko anaanza utotoni, anapigana mara kwa mara, tena nyumbani, mbele ya shangazi zake. Ukumbi unajaa, televisheni inakuja, na Marekani iko ng'ambo ya ua tu. Akishindwa anatukanwa wiki moja, halafu baada ya miezi michache utamwona tena ulingoni. Nyinyi je? Mioyo mnayo, sikatai, na mikono yenu ni myepesi. Lakini mapromota wenu ni wa kuhesabika, na mabingwa mliobaki nao ni wa zile kilo za mtoto wa darasa la nane. Bondia wenu anapigiwa simu wiki tatu kabla, anapanda ndege, anakwenda kupigana sebuleni kwa mwenyeji.

"Na akimpiga huko huko sebuleni kwake, Ate, nani bora?"

Hapo alikuwa ameniweza, lakini nife nimwambie? Nilimuuliza tu kama ule wali wake na samaki mkavu ungeendelea kunuka mpaka lini.

Kisha mdogo wake, yule bondia, akapata pambano Tijuana, huko huko Meksiko. Mdogo wangu aliingia jikoni mbio kunipa habari, nami nilikuwa nakaanga maandazi, hata sikugeuka. Nikasema, "Huyo hajaitwa kupigana. Ameitwa kuanguka."

Mdomo huu! Alizima jiko lake, akaacha sufuria ya wali hapohapo, akatoka. Siku mbili hakunisemesha. Tunasema maneno makali hukata maini, na mimi ni nesi, nayajua maini yalipo, lakini sikujua kama nimekata mpaka nilipomwona hali chakula.

Alhamisi jioni nilimletea chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, na sambusa mbili, nikamwomba radhi. Sikuzunguka. Nikasema nimekosa, nisamehe. Akanywa kidogo, ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Katika pambano la mwisho mdogo wake aliangushwa mara mbili, akainuka mara mbili, watu wakamshangilia. Baadaye akampigia dada yake simu kutoka chumba cha kubadilishia nguo, akamuuliza kama mama ameshakula. Mama yao alikufa miaka minne iliyopita. Vipimo vya daktari vilitoka visafi, na yeye mwenyewe akasema ulikuwa uchovu.

"Nimemsihi aache. Anasema hili ni la mwisho," akaniambia. "Lakini akiangushwa atainuka, Ate. Yeye huinuka kila mara. Akibaki chini, nani atamwita tena?"

Niliona haya, haki ya Mungu. Mimi ndiye niliyekuwa nikihubiri kila siku kwamba Mmeksiko akishindwa hurudi, na sikuwahi kufikiria kwamba hiyo ina maana anayo ruhusa ya kubaki chini. Mgeni hana. Baba yangu naye aliinuka kila mara, na mtaa mzima ulimsifu. Miaka yake ya mwisho aliniuliza kila asubuhi mimi ni binti wa nani. Hilo sikumwambia mdogo wangu, maana alikuwa na yake ya kutosha.

Akaniomba kitu kimoja tu. "Jumapili tazama nami. Wewe ni nesi. Ukiona kitu machoni pake, niambie ukweli."

Jumapili asubuhi, jua likiwa limeshapanda, tuliegemeza simu kwenye kopo la sukari. Nilikuwa na zamu ya jioni, naye alikuwa ameomba ruhusa saluni. Raundi tatu za kwanza kijana alicheza! Alikuwa akiingia, anagonga mbili, anatoka kabla mwenyeji hajajua pa kumtafuta, mpaka ukumbi wote ukanyamaza. Mimi mtu wa Meksiko nilijikuta nimesimama kitandani nikipiga kelele, "Mwongeze! Mwongeze huyo!" Mdogo wangu alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu.

Raundi ya nne mwenyeji akaacha kutafuta kichwa, akaanza kuchimba mbavu, moja hapa, moja pale, bila haraka. Nikajua. Raundi ya sita ikaja ile yenyewe, mkono wa kushoto, chini ya mbavu za kulia. Kijana alirudi hatua mbili kama ambaye hakuguswa, uso umetulia kabisa, halafu akapiga goti. Refa akaanza kuhesabu.

Mdogo wangu alifunika uso. "Ate, ni kichwa? Niambie, ni kichwa?"

"Si kichwa! Ni ini! Ni ini!" Nilipiga kelele utadhani ni yeye aliyeshinda. Ini linauma mpaka mtu anaomba kufa, lakini maumivu yanapita. Nusu shari, jamani. Nikaiinamia ile simu. "Kaa chini, mwanangu! Usiinuke! Kaa hapohapo!" Maisha yangu yote nimewapigia mabondia kelele wainuke.

Alikuwa ameinua kichwa, anamtazama refa mdomoni. Saba. Nane. Mguu mmoja ukajikusanya. Tisa. Akabaki. Kumi. Baada ya hapo ndipo alipoinuka, akatembea mwenyewe hadi kwenye kona yake, akakaa.

Saa mbili baadaye kijana akapiga simu. Dada yake akafungulia spika, akanikabidhi, akasema mpime. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha wodini. Uko wapi? Tijuana. Umepigana raundi ngapi? Sita. Mama yuko wapi? Akasema amezikwa nyumbani, chini ya kanisa. Vizuri. Leo siku gani?

"Jumamosi."

Niliiangalia kalenda ya ukutani, nikamwangalia dada yake, naye alikuwa ameshabadilika rangi. Jumapili hii! Nikarudia swali polepole, naye akarudia jibu polepole, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Jumamosi, Ate. Saa tano za usiku. Huko kwenu je?"

Aka! Kumbe kule Tijuana kulikuwa bado hakujakucha! Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta, tukazidi kucheka. Kijana akatungoja tumalize.

Nikamrudishia dada yake simu, kijana akamwambia jambo kwa lugha yao, taratibu, na yeye akaacha kucheka. Nikauliza kuna nini. Akanitafsiria. Alisema maumivu yalikuwa yameanza kupungua kwenye nane, na angeweza kuinuka. Lakini alikuwa akihesabu pamoja na refa. Alitaka kuona kama bado anaweza kufika kumi bila kuruka hata moja.

Mdogo wangu alilia kwa sauti kubwa, simu ikiwa bado sikioni, na mimi sikumnyamazisha.