Nilivyotamka "Muungano" kwenye kikao cha wazazi Bunda, bweni likafa

Wakuu, heshima kwenu. Humu hakuna chai, ni yaliyonikuta mwenyewe. Mwishoni ukiniita mjinga sitabisha.

Nafundisha Kiingereza sekondari ya kata, Bunda. Tulikuwa na shule rafiki Uingereza, na kupitia kwao Umoja wa Ulaya ulikuwa utusaidie kujenga bweni la wasichana. Wazazi walishasomba mawe na kufyatua tofali, bado kuchoma tu.

Kulikuwa na binti, Nyangeta, form two, kichwa hasa. Kwao ni ndani huko Nyamuswa, akapanga chumba Nyasura, karibu na shule, na wenzake. Baba yake alikubali kwa sharti moja: mwaka ule ahamie bwenini.

Ikaja barua kutoka kwa wale rafiki zetu wa Uingereza. Nchi yao imejitoa kwenye ule umoja, mradi umekufa, poleni.

Mkuu wa shule akaniambia niwasomee wazazi. Mimi na mbwembwe zangu, nilipofika kwenye "Union" nikatafsiri papo hapo: wamejitoa kwenye Muungano.

Sasa Mtanzania ukimtajia Muungano, anajua mmoja tu.

Mzee mmoja akauliza kama Wazanzibari wameondoka kwa amani. Nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu, wakaona nawaficha kitu. Nilipoanza kueleza, nusu walishaondoka.

Kesho yake mtendaji wa kata akanifuata, eti natangaza Muungano umevunjika. Nikaandika maelezo. Kazi za wazazi pale shuleni zikasimamishwa mpaka jambo liishe.

Liliisha baada ya wiki tatu. Mvua ilishanyesha, tofali zote zikarudi kuwa udongo. Hata bila hela za wazungu, wazazi wangeweza kupandisha kuta. Baada ya pale hakuna aliyerudi na jembe.

Baba yake Nyangeta akaja kumchukua. Nikamweleza kwamba Muungano ule ulikuwa wa wazungu, si wetu.

"Mwalimu, sisi tulikuwaga tunasubiri bweni," akasema. "Liko wapi?"

Binti akafunga godoro lake, akanirudishia kamusi niliyomwazima. Muhula uliofuata nikasikia ameolewa.

Nimejifunza kwamba kabla hujatafsiri neno, uwaangalie kwanza watakaolisikia. Niliifungua ile kamusi nitafute kosa langu. Imeandikwa "union: muungano". Inaniuma mpaka leo.

Mliosoma kunizidi, nyie mngesemaje pale mbele? Hata wa kunitukana aandike, nitasoma.