Makaa Chini ya Itoka

Jumapili saa nne asubuhi mtaa wa Majimbo mjini Embu huwa kimya, kwa maana watu wako kanisani. Hoteli ya Kanana ndiyo pekee iliyokuwa wazi, na wateja wake saa hiyo walikuwa wawili tu: Misheck Njuki na Mwalimu Marete. Majirani waliwapa jina, Kanisa la Chai. Njuki alipolisikia mara ya kwanza alicheka sana, akasema angalau kwao sadaka inarudi na mandazi.

Mwaka ule wa 1994 Njuki alikuwa na miaka hamsini. Ujana wake aliumaliza akivuta mnyororo wa kupimia mashamba, miaka michache baada ya uhuru, nyuma ya wapimaji wa serikali. Huko ndiko imani ilikomtoka, wala si vitabuni. Kila shamba lilianza kwa sala. Wazee walivua kofia, wakamwita Mungu awe shahidi, kisha mnyororo ulipolazwa chini wakaanza kudanganya. Huyu alisogeza mpaka wa yatima, yule akamkana nduguye wa tumbo moja. Njuki, kijana wa miaka ishirini na miwili, alisimama na ncha ya mnyororo mkononi akingoja shahidi aliyeitwa aseme neno. Alingoja msimu baada ya msimu. Hakumkasirikia, alichoka tu kungoja.

Akajitungia desturi yake. Kwao Embu mpaka huoneshwa kwa ua la itoka, na anayeling'oa inasemekana hulaaniwa. Lakini Njuki alikuwa ameona wang'oaji wakinenepa. Basi kila alipochimba shimo la itoka alitia kwanza konzi mbili za makaa chini kabisa, akafukia, ndipo akapanda. Ua hung'olewa. Makaa hayaozi.

Sasa makaa hayo yalikuwa yameitwa mahakamani. Kule Manyatta, Rwamba alikuwa amefiwa na mumewe, Mbaka, na hata matanga hayajapoa shemeji yake Munyi akang'oa itoka zote za mpakani akazipanda upya ndani ya kahawa ya mjane, hatua thelathini. Wazee waliokuwapo siku ya kupima walikuwa wamekufa. Aliyebaki ni mvuta mnyororo. Habari ya makaa Njuki alikuwa amemwambia Rwamba peke yake, na rafiki zake wawili, Marete na Kanana mwenye hoteli, maana Munyi akiisikia angeyafukua kabla ya jogoo kuwika.

"Keshokutwa mahakamani utashika Biblia tu," Marete alisema. Alikuwa Mmeru wa Kiirua, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kanisa, na hakuamini hata kidogo. "Utaishika, utasema maneno yao, utarudisha. Mimi nimefumba macho kwa sala miaka kumi na tisa kila bendera ikipandishwa. Yamepofuka?"

"Macho hayajapofuka," Njuki alisema. "Shingo ndiyo imepinda."

Kanana aliangua kicheko, birika likatikisika mkononi. "Mwalimu, hapo umepigwa!"

"Wewe Kanana nyamaza, wewe hata hujui uko upande gani."

"Sijui, na sioni aibu. Mungu akiwako atanikuta nikipika chai. Asipokuwako, chai iko."

Marete alipuliza kikombe chake. "Mimi nina swali moja tu. Kwetu tunamwita Murungu. Kwenu nyinyi ni Ngai. Kitabuni ni Mungu. Siku akienda kwa chifu kuchukua kitambulisho, ataandikwa kabila gani?"

"Wataandika Mmeru," Kanana alisema, "halafu Waembu wasusie kanisa."

"Na mimi nilipokwenda," Njuki alisema, "karani aliniuliza dini. Nikamwambia hakuna. Akaniambia, mzee, hakuna Mkenya hana dini, akaandika mwenyewe." Hakuwa akicheka tena. "Mnajua kwa nini hapa tunasema Kiswahili, na kila mmoja ana lugha ya mamake? Kiembu siwezi kusema haya. Nikifungua mdomo tu, Ngai ako ndani ya salamu, ako ndani ya asante. Kiswahili nilifundishwa kwa kiboko. Nacho kimemjaa Mungu vilevile, lakini hakikunilea. Naweza kukibishia bila kumtukana mama."

Ndipo Rwamba akaingia, moja kwa moja kutoka ibadani, kitambaa cheupe cha chama cha akina mama kichwani. Alikataa kiti.

"Baba Kaari," alisema, akimwita Njuki kwa jina la bintiye, "nimesikia hutashika Biblia. Wakili wa Munyi anasema mtu akikataa kuapa ni kwa sababu anaogopa uongo wake. Mahakama nzima itaamini hivyo. Nani atatuma watu wachimbe kwa neno la mtu kama huyo?"

"Sheria inaniruhusu kuthibitisha bila kuapa."

"Sheria! Mimi nina watoto wanne na kahawa miti mia mbili. Hiyo Biblia itakuuma mkono?"

Njuki alitazama meza. "Mama, Munyi ataishika kwa mikono miwili. Ataibusu. Unataka mimi na yeye tufanane?"

"Nataka shamba langu," Rwamba alisema, akatoka.

Kanana alifuta meza iliyokuwa safi. "Na kama hukutia makaa kwa lile shimo? Ni miaka ishirini na minane, muthuri, mzee wangu. Hiyo yako nayo si imani?"

"Imani haichimbwi," Njuki alisema. Lakini usiku ule hakupata usingizi. Alihesabu mashimo ya Manyatta moja moja, na kuna mawili matatu hakuyaona vizuri.

Jumanne karani wa mahakama alimnyooshea Biblia. Njuki akaiacha hewani. Minong'ono ilipanda kutoka mabenchi ya nyuma, na mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Shindwe, Shetani!" Hakimu akagonga meza, akamruhusu athibitishe. Alithibitisha. Rwamba alikuwa ameinamisha kichwa.

Wakili wa Munyi alisimama akitabasamu. "Bwana Njuki, huamini Mungu. Ukidanganya hapa, utamwogopa nani?"

"Jembe," Njuki alisema.

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Mheshimiwa, chini ya kila itoka niliyopanda nilizika makaa, kina cha mkono mpaka kiwiko. Munyi ameapa hapa kwamba itoka zilipo leo ndipo zilipokuwa tangu mwanzo. Achimbe huko kwake, na mimi nichimbe pale ninaposema. Chimbeni leo, kabla jua halijazama na kabla mtu hajawahi kuyafukua. Mkikosa, mimi ni mwongo, nifungeni. Sijaomba mniamini. Naomba mchimbe."

Tabasamu la wakili lilikaa usoni bila kazi. Munyi aligeuka akatazama mlango. Hakimu alimwona akigeuka.

Alasiri ile walikuwa shambani, hakimu na viatu vyake vya mjini katika udongo mwekundu, nusu ya Manyatta nyuma yake. Chini ya itoka za Munyi palikuwa na mizizi na nyungunyungu tu. Kisha Njuki akapima kwa hatua kutoka kwenye jiwe la mtoni walilopimia zamani, akakita kisigino. Polisi akachimba. Kina cha kiganja, hakuna. Kina cha kifundo cha mkono, hakuna. Njuki alikunja mikono kifuani, macho kwenye jembe. Jembe lilipofika kina cha kiwiko lilitoa udongo mweusi, na ndani yake vipande vinavyong'aa kama vya jana.

"Ngai!" watu walipiga ukelele. Rwamba alipiga magoti. Mzee mmoja alimshika Njuki bega, machozi yakimlenga. "Umeona, Misheck? Mungu amekutumia!"

"Makaa nilitoa jikoni kwa mama," Njuki alisema. "Usimpe mtu mwingine kazi yangu."

Hukumu ilitolewa wiki mbili baadaye, Rwamba akashinda, akamwita Njuki arudishe itoka mahali pake. Jirani zake walikuja kushuhudia. Njuki alitia makaa mapya, akasimamisha ua la kwanza, na hapo mzee yule akavua kofia, na wote wakainamisha vichwa.

Njuki hakuvua yake. Alisimama wima katikati ya visogo vyao, ua mkononi. Sala ilikuwa ndefu. Iliipitia serikali, ikafika kwa wagonjwa. Mwishowe aliona jicho moja la Rwamba limefunguka, linamtazama kutoka chini ya kitambaa cheupe.

"Fukia, Baba Kaari," alimnong'oneza. "Mvua yaja."

Akafukia, akashindilia udongo kwa kisigino, wakati wengine bado wanaomba.