Bi Hapana na Kitabu cha Kumi na Saba

Mtaani walimwita Bi Hapana. Jina alilopewa na wazazi wake hakulificha, ila hakulitumia. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa, na kucha zake zilikuwa na wino mwaka mzima. Aliandika vitabu vidogo, akavichapa mwenyewe. Vyote vilisema jambo moja: hakuna aliyezaliwa kuwa bwana wa mwenzake, si ofisini, si kiwandani, si nyumbani.

Mumewe alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Shule hakuiona. Siku ya harusi alidhani anaoa mke. Baadaye akajua ameoa karakana nzima.

"Wewe hutaki tuwe na wakubwa," muuza makaa wa jirani alimtania Bi Hapana siku moja. "Haya, takataka atazoa nani?"

"Kwani sasa hivi anazoa mkubwa?"

Muuza makaa alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake akaja kununua kitabu.

Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fundi viatu. Mlikuwa na mashine ya kurudufu, meza ya kukunjia, kisu cha kukatia karatasi na sufuria ya gundi. Walifanya kazi wanne: Bi Hapana, mumewe, mpiga chapa mmoja mwembamba waliyemwita Sindano, na mdogo wake Bi Hapana, ambaye alisambaza vitabu kwa baiskeli. Msimamizi hakuwapo. Kila jambo liliamuliwa kwa kikao, na kikao kilifanywa wamesimama ili maneno yasirefuke. Mmoja akikataa, jambo limekufa.

Tena kila ukurasa, kabla ya kuchapwa, ulisomwa kwa sauti mbele ya fundi jalada, kwa sababu hakujua kusoma. Sentensi asiyoielewa ilifutwa. "Asipoelewa yeye," Bi Hapana alisema, "basi nimeandika ili nijisikie." Vitabu kumi na sita vilipita masikioni mwa mzee huyo. Lakini kwenye kikao, miaka thelathini, hakuwahi kukataa jambo. Wenzake wakibishana, yeye alikoroga gundi.

Kitabu cha kumi na saba kilihusu bomba la maji. Watu wa mtaa fulani walichoka kusubiri, wakachimba mtaro wenyewe, wakapangiana zamu, na bomba halikuwa na mwenyekiti. Nusu ya kurasa zilikuwa zimeshachapwa na kukunjwa. Hapo ikaja barua ya serikali.

Mdogo wake Bi Hapana aliisoma. Kila kitabu lazima kiwe na jina la mwandishi na la mchapishaji. Vitabu vya karakana hii havina. Jina liletwe kwa maandishi kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Lisipoletwa, vifaa vyote vitachukuliwa.

Wote walijua kwamba mwenye jina atachukuliwa pamoja na jina lake. Bi Hapana alishakaa ndani miezi saba wakati mmoja, kwa kitabu cha tisa. Alitoka na kifua kibovu. Usiku alipumua kama mlango usiotiwa mafuta, na mumewe alilala akihesabu pumzi hizo.

Alhamisi saa nne asubuhi mashine ilikuwa inakwenda bado. Sindano alilisha karatasi, shati limemganda mgongoni. Zilibaki kurasa arobaini.

"Hatumalizi," alisema.

"Mtamaliza," Bi Hapana alisema. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea. "Jina nitalitoa mimi. Wakilipata, mashine inabaki. Jioni mnafunga kazi, kesho mdogo wangu anasambaza."

"Na wewe?" mdogo wake akauliza.

"Mimi najua njia. Nimeshaipita."

"Dada, kifua hicho..."

"Kifua changu, si chako. Kikao. Nani anakataa?"

Sindano aliangalia chini. Mdogo wake Bi Hapana alifuta macho kwa mkono wenye wino, akajipaka shavu zima.

"Mimi nakataa," fundi jalada akasema.

Mashine ilikuwa imesimama kwa ajili ya kubadilisha karatasi. Kila mtu alisikia.

"Wewe unasemaje?"

"Nakataa, mama."

"Baba, hili si jambo la kikao. Ni mwili wangu."

"Kitabu cha tatu ulisema, jambo likigusa wote, wote waamue. Ulinisomea. Nikaelewa, ndiyo maana hukulifuta." Alivuta pumzi. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. "Hili linanigusa."

Bi Hapana alimtazama kama mtu aliyeumwa na mbwa aliyemlea mwenyewe. Angeweza kutoka tu. Mlango ulikuwa wazi, na hapakuwa na mtu ambaye angemshika. Lakini kuvunja neno la kikao mbele ya hao watatu kulikuwa sawa na kuvichana vitabu vyote kumi na sita. Akavua viatu, akaketi juu ya marobota ya karatasi.

"Washa mashine," alimwambia Sindano. Sauti yake ilikuwa kavu. "Tuone tutafika wapi."

Walifika ukurasa wa sabini na mbili kati ya tisini na sita.

Saa sita na dakika chache waliingia wanaume watano. Mkubwa wao alikuwa na miwani na adabu nyingi.

"Shikamoo, mzee. Nani mwandishi?"

"Marahaba. Sisi."

"Sisi ni nani?"

"Tuliopo."

"Mzee, nisaidie nikusaidie. Jina moja tu, niende zangu."

Fundi jalada alimwona mkewe akikaza vidole kwenye kamba ya robota. Jina lilikuwa mdomoni mwa Bi Hapana. Mzee akasogea, akasimama kati ya mkewe na yule mwenye miwani, akampa mkewe mgongo. Jina halikutoka. Mwenye miwani alisubiri, akatazama saa, akaashiria kwa kidevu.

Wakabeba mashine. Wakabeba kisu, karatasi, kurasa zilizokunjwa, hata sufuria ya gundi, ikimwagika njiani.

Siku tisa Bi Hapana hakusema na mumewe. Alimpakulia chakula, akamfulia shati, lakini maneno hakuna. Siku ya kumi, wakiwa jikoni, alisema:

"Ule mstari wa kitabu cha tatu ulikuwa na kosa. Mwili wa mtu hauamuliwi na kikao. Nilipaswa kuona."

"Ungesahihisha."

"Kwa mashine ipi?"

Mzee akamenya kitunguu mpaka kikaisha.

"Uliniokoa," mkewe akasema. "Najua. Lakini nilikuwa sijakuomba."

Sindano alipata kazi ya kuchapa kadi za harusi. Mdogo wake Bi Hapana aliuza baiskeli.

Bi Hapana aliishi mwaka mmoja na miezi miwili. Alifia nyumbani, kitandani kwake, asubuhi, dirisha likiwa wazi, mumewe amemshika mkono, bila askari mlangoni. Hilo ndilo alilolitaka mumewe.

Bi Hapana alitaka kitabu kitoke. Hakikutoka.